Boksi la fyuzi la mwaka 1979: je, kubadilisha boksi peke yake kunatosha?

Swali. Nyumba yetu ipo Mikocheni, Dar es Salaam. Marehemu baba aliijenga mwaka 1979. Umeme unatoka kwenye mita ya LUKU, unaingia kwenye meni swichi ya chuma, halafu kwenye boksi jeusi lenye fyuzi sita za waya lililofungwa juu ya ubao. Zamani tulikuwa na taa, friji na pasi tu. Sasa kuna AC mbili za BTU 12,000, hita ya bafuni inayochemsha papo kwa papo, jiko la umeme la plati nne na pampu ya maji. Fyuzi moja ilikuwa inaungua kila mara. Fundi akaifunga waya mwingine, sasa haiungui tena, ila jioni boksi linapata joto na kutoa harufu kama ya samaki. Fundi wa pili anasema atatoa boksi lote aweke la breka kwa nusu siku, na kila kitu kitakuwa sawa. Nimwamini?

Jibu. Dada, tuanze na la leo. Kabla ya kuwasha AC jioni hii, shusha meni swichi, chomoa hiyo fyuzi isiyoungua, na uiache nje mpaka kazi ifanyike. Harufu ya samaki kwenye boksi la fyuzi hutoka kwenye bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, inapopikwa taratibu na kiungo kilicholegea au mkondo uliozidi. Nyuma yake pana ubao uliokauka kwa miaka zaidi ya 40. Joto la siku chache bila AC linavumilika.

Sasa fundi wako wa pili. Kazi anayoipendekeza ni ya lazima, na kweli nusu siku inatosha kufungua boksi la zamani na kufunga jipya. Lakini boksi ndiyo sehemu nyepesi. Waya uliomo ukutani na ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja) iliyozikwa nje ndivyo vinavyoamua breka za ukubwa gani ziingie, na kama zitakukinga au zitapamba ukuta tu. Fundi akikutajia bei kabla ya kupima hivyo viwili, mwambie arudi na vipimo kwanza.

Fyuzi yako ilifanywa nini

Fyuzi za waya za nyumba za enzi hiyo hufuata kiwango cha Uingereza, BS 3036. Kila kishikio kina doa la rangi: jeupe ni ampea 5, bluu 15, njano 20, jekundu 30, kijani 45. Waya wake ni shaba iliyopakwa bati, na unene wake umepimwa: wa ampea 5 ni milimita 0.2, wa 15 ni milimita 0.5, wa 30 ni milimita 0.85. Kadi za waya huo zinapokosekana dukani, fundi huchuna kipande cha kebo na kuchomoa nyuzi. Uzi mmoja wa kebo ya 2.5 (yaani milimita za mraba 2.5 za shaba) yenye nyuzi saba una unene wa milimita 0.67, yaani tayari umepita waya wa ampea 20. Akisokota nyuzi mbili, fyuzi iliyoandikwa 15 imekuwa ya 40 na zaidi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: hata fyuzi halali ya aina hii haikatiki kwa namba iliyoandikwa. Hukatika mkondo unapokaribia mara mbili ya namba hiyo. Kwa hiyo zile nyuzi mbili zinaweza kupitisha ampea 80 bila kukatika, huku waya wa 2.5 uliomo ndani ya bomba ukutani uwezo wake ni kama ampea 24 tu. Kinachoyeyuka kwanza ni ganda la waya, mahali usipopaona.

Breka ya nyumbani ya kiwango cha IEC 60898 lazima ikate ndani ya saa moja mkondo ukifika mara 1.45 ya namba yake, na ikitokea shoti kubwa hukata mara moja. Pia haifunguliwi ikafungwa waya mwingine, na kwa nyumba zetu hiyo pengine ndiyo faida kubwa kuliko zote. Dhambi ileile imebaki kwa sura nyingine, lakini: breka ya 16 ikikatakata, fundi mvivu anaweka ya 32. Akikufanyia hivyo bila kubadilisha waya, umerudi kwenye zile nyuzi mbili.

Vipimo vya kabla ya kununua chochote

Cha kwanza ni ganda la waya. Kipimo chake ni mega ya volti 500, kifaa kinachoonyesha kama ganda linavujisha umeme, na multimita ya kawaida haiwezi kazi hii. Umeme unazimwa, vifaa vyote vinachomolewa, taa za LED zinatolewa au swichi zake zinazimwa, kwa sababu volti 500 huua vifaa vya elektroniki na pia hudanganya kipimo. Halafu kila sakiti, yaani kila njia inayotoka kwenye fyuzi yake, inapimwa: laivu (waya unaoleta umeme) kwa ethi, nyutro (waya unaourudisha) kwa ethi, laivu kwa nyutro. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1. Sakiti nzima na kavu husoma makumi au mamia. Ikisoma 2 au 3, imepita kwa karatasi tu; tafuta chanzo, ambacho mara nyingi ni boksi la swichi lililoingia maji au kiungo kilichofungwa tepu darini.

Nyumba ya 1979 kwa kawaida ina waya wenye ganda la PVC, ambao hudumu. Nyumba za kabla ya miaka ya 1960 ni habari nyingine: waya wa raba uliofunikwa kitambaa hukauka, na fundi akiukunja ganda linabomoka kama biskuti. Ukikuta huo, usijaribu kuunga boksi jipya juu yake. Waya wote hubadilishwa.

Cha pili ni unene wa waya kwa kila sakiti, ukiangaliwa kwa macho pale unapoingia kwenye boksi na tena kwenye soketi ya mwisho. Mara nyingi mwanzo ni 2.5 na mbele, pale nyumba ilipoongezwa chumba, mtu ameendeleza kwa 1.5. Breka hupangwa kwa waya mwembamba kuliko wote katika sakiti nzima. Usiamini rangi pia. Nyumba ya umri huo ina nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro, na nyongeza za karibuni zina kahawia na bluu. Mahali zilipokutana, kuna aliyekosea.

Zipo pia soketi zilizofungwa kwa mzunguko wa Kiingereza, ambapo waya wa 2.5 hutoka kwenye fyuzi ya 30, huzunguka soketi zote na kurudi kwenye fyuzi ileile. Ukiona laivu mbili zimeingia kwenye fyuzi moja, huenda ndio huo, na huenda ni sakiti mbili zilizobanwa pamoja. Pima mwendelezo kutoka ncha hadi ncha. Waya wa 2.5 una ukinzani wa takribani omu 0.0074 kwa kila mita, hivyo mzunguko wa mita 50 utasoma karibu omu 0.37. Kipimo kisipoonyesha muunganiko wowote, mzunguko umekatika mahali fulani au haukuwapo, na breka ya 32 hapo ni hatari. Igawe iwe sakiti mbili za 16.

Kwa nini 16, na si 20 kama vitabu vingi vinavyoandika kwa waya wa 2.5? Sababu ni dari. Ile ampea 24 hupimwa kwenye joto la nyuzi 30. Chini ya bati mchana, joto la darini hupanda sana, na kwenye nyuzi 50 uwezo wa waya wa PVC hushuka hadi asilimia 71. Ampea 24 zinabaki 17. Kama waya unapita darini, au kama mabomba yamejazwa nyaya za sakiti nyingi, 16 ndiyo namba ya kweli.

Cha tatu ni ethi, na hapa ndipo nyumba za zamani huwa na siri nyingi. Katika nyumba nyingi za Dar kila mteja hutegemea ethi yake mwenyewe, chuma kilichopigiliwa ardhini kwake. Fuata waya wa kijani kutoka kwenye boksi uone unaishia wapi. Wakati mwingine unaishia kwenye bomba la maji la chuma, ambalo lilikuwa ethi nzuri mpaka siku fundi bomba alipobadilisha vipande viwili kuwa plastiki. Wakati mwingine nyaya zimepitishwa kwenye mabomba ya chuma na bomba lenyewe ndilo lilikuwa ethi. Kwa chumvi ya Mikocheni, viungo vya mabomba hayo vimeshika kutu na mwendelezo umekufa. Sakiti za taa huenda hazina waya wa ethi kabisa. Hizo waweza kuziacha kwa muda kama taa na swichi zote ni za plastiki, lakini usining'inize taa ya chuma juu yake.

Ukipima ethi ukapata omu 20, kwa mchanga wa pwani si mbaya. Hata hivyo tazama hesabu yake: friji ikivuja laivu kwenye bati lake, mkondo utakaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 20, yaani ampea 11.5. Breka ya 16 haitashtuka. Bati la friji litabaki na umeme mpaka mtu aliguse akiwa peku. Ndiyo maana kwa ethi ya namna hii RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme unapovuja, haina mjadala. Yenyewe hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 lazima ikate ndani ya milisekunde 300. Breka inalinda waya. Anayeshika friji analindwa na RCD, na RCD inataka ethi yenye uhai.

Lenga omu 10 au chini ya hapo. RCD itafanya kazi hata kwenye omu 100, ila ukiona namba hiyo wakati wa masika, jua kiangazi itapanda. Chuma kimoja cha mita 1.2 mara nyingi hakitoshi kwenye mchanga: unga viwili kwenda chini vifike mita 2.4, au pigilia cha pili umbali usiopungua urefu wa cha kwanza. Ile desturi ya kumwaga chumvi na mkaa kwenye shimo hushusha kipimo siku ya ukaguzi, kisha hula shaba. Kwenda chini zaidi, hadi udongo wenye unyevu wa kudumu, ni bora kuliko chumvi.

Na kuna njia ya mkato ambayo lazima uikatae: kuunga nyutro na ethi ndani ya boksi ili "ethi isome vizuri". Siku nyutro ya nguzo itakapokatika, kila bati la nyumba, kuanzia friji hadi mwili wa pampu, litakuwa laivu.

Je, umeme unaoingia unatosha?

Jumlisha mzigo kabla ya kuchora boksi. Hita ya papo kwa papo ni karibu kilowati 5.5, yaani ampea 24 peke yake. Jiko la plati nne na oveni likiwaka lote hufika kilowati 6 hivi. AC mbili za BTU 12,000 ni takribani 2.4 kwa pamoja. Hapo umefika 13.9, sawa na ampea 60, na bado birika, pasi, friji na pampu. Laini ya fezi moja yenye mita ya ampea 60 imekwisha.

Boksi jipya haliongezi umeme unaotoka kwenye nguzo. Una mambo mawili ya kuchagua: kuomba fezi tatu TANESCO, au kupunguza kinachowaka kwa wakati mmoja. Kwa nyumba ya kawaida ningeanza na la pili. Pika kwa gesi na ubakishe oveni, au hita ya papo kwa papo uibadilishe na ya tangi la lita 50 yenye kilowati 1.5 au 2. Mtu asikuuzie meni swichi ya 100 kwa ajili ya laini ya 60.

Hiyo hita ina tatizo la pili. Nyingi za bei nafuu zina koili iliyo wazi ndani ya maji, hivyo maji yenyewe hupitisha umeme kidogo. Kwa maji ya bomba mvujo ni mdogo. Kwa maji ya kisima yenye chumvi, kama visima vingi vya ukanda wa bahari, mvujo huongezeka na RCD hukata mtu akiwa amejipaka sabuni. Fundi wa njia rahisi ataitoa hita kwenye RCD. Usikubali hata kidogo: hicho ndicho kifaa kinachohitaji RCD kuliko vyote nyumbani. Nunua hita yenye koili iliyozibwa, au ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi.

Cha kununua

Kwa nyumba yako ningepanga hivi. Taa sakiti mbili, waya 1.5, breka za 6. Soketi za vyumba na za sebule sakiti mbili, waya 2.5, breka za 16. Soketi za jikoni peke yake, na friji peke yake ili isizimike kwa kosa la birika. Kila AC sakiti yake, waya 2.5, breka ya 16 ya aina C, kwa sababu kompresa huvuta mkondo mwingi inapoanza na aina B inaweza kukata bila kosa lolote. Pampu vivyo hivyo. Jiko waya wa 6, breka ya 32. Hita waya wa 6, breka ya 32. Hizo ni sakiti 11.

Meni swichi ya 63 yenye kukata laivu na nyutro kwa pamoja inachukua nafasi mbili. Kizuia radi cha aina ya 2 nafasi mbili. RCD mbili za 63, miliampea 30, nafasi nne. Jumla ni 19, kwa hiyo nunua boksi la nafasi 24. Nafasi zinazobaki si anasa: breka hupimwa kwenye nyuzi 30, na zikibanana ndani ya boksi la moto hukata mapema. Jiko na hita ziwe karibu na meni swichi, na zisikae ubavuni mwa mwenzake.

RCD mbili ni kiwango cha chini. Gawanya taa kwenye zote mbili ili moja ikikata usiku usibaki gizani. Uwezo ukiruhusu, nunua breka zenye RCD ndani yake kwa kila sakiti; hutaulizana tena ni kifaa gani kimezima nusu ya nyumba. Kama AC zako ni za inveta au una mashine ya kufulia ya kisasa, chagua RCD ya aina A. Ile ya aina AC (hapa si kiyoyozi, ni jina la aina ya RCD), iliyojaa madukani kwa sababu ni rahisi, inaweza kupofushwa na mkondo wa vifaa hivyo.

Boksi la chuma haliungui, la plastiki halishiki kutu. Karibu na bahari, la chuma lililopakwa rangi ya unga na kufungwa ndani ya nyumba hudumu. Ila kwa nyumba yenye ethi yake yenyewe kuna tahadhari: nyaya nene za kutoka kwenye mita zinapoingia kwenye boksi la chuma, bado hazijafika kwenye RCD. Zikichubuka hapo, boksi zima linapata umeme na hakuna cha kukata. Dawa yake ni kuweka RCD ya miliampea 100 ya aina S, yenye kuchelewa, ndani ya kiboksi cha plastiki karibu na mita. Herufi S ni muhimu. Bila hiyo itakuwa inakata pamoja na zile za 30. Nyaya hizo nene ziwe za 16.

Dukani, kebo halali ina jina la mtengenezaji, ukubwa na alama ya TBS kwenye ganda lake. Chuna sentimita moja uangalie: ukikwaruza shaba kwa kisu ikatokea nyeupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudishe.

Siku ya kazi

Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Leseni hizo zina madaraja, muombe akuonyeshe yake. Sili za mita ya TANESCO hazikatwi na fundi wako hata kama ni rafiki wa mtu wa ofisini. Na hili ndilo linaloleta ajali: ukishusha meni swichi yako ya chuma, nyaya zinazotoka kwenye mita kuja kwenye swichi hiyo bado zina umeme. Kwa kuwa swichi yenyewe inaondolewa, TANESCO waombwe wakate upande wao kwanza. Baada ya hapo fundi anathibitisha kwa testa: anaijaribu mahali penye umeme, anapima hapo anapofanyia kazi, kisha anairudisha penye umeme kuhakikisha testa haikufa katikati.

Kabla ya kuchomoa waya wowote, kila sakiti ipigwe picha na kuwekewa kibandiko: laivu na nyutro yake pamoja. Baadaye hili litakuokoa siku nzima. Ndani ya baadhi ya vishikio vya zamani kuna kitambaa cheupe au cha kijivu cha kuzuia cheche. Huenda ni asbesto. Usikivunje wala kukipangusa kikavu. Kiloweshe, kifunge kwenye mfuko wa plastiki, na watoto wakae mbali. Ukikuta pia kifaa cha zamani chenye vituo viwili vya ethi, kimoja E na kingine F, hicho ni kikata umeme cha mtindo uliokwishaachwa. Kiondoe, hakichukui nafasi ya RCD.

Nyaya za zamani karibu kila mara zitakuwa fupi kufika kwenye boksi jipya. Zisiendelezwe kwa kusokota na tepu. Tumia viunganishi vya skru vilivyofungwa kwenye reli ndani ya boksi, au viunganishi vya kubana kwa koleo lake.

Sasa skru. Maboksi mengi ya breka yanayoungua huungulia kwenye kiungo kilicholegea, na kosa lenyewe ni dogo. Chini ya breka kuna kizimba kinachopanda unapokaza skru. Waya au jino la baa ya shaba likiingia nyuma ya kizimba badala ya ndani yake, skru inakaza kabisa na mkono unaridhika, lakini ndani hakuna kilichobanwa. Inafanya kazi wiki chache, inachemka, inanuka. Kwa hiyo kila waya uvutwe baada ya kukazwa, na kila jino la baa liangaliwe kwa tochi. Nguvu ya kukaza imeandikwa ubavuni mwa breka, kwa kawaida kati ya nyutoni-mita 2 na 2.5, bisibisi yenye kipimo inasaidia. Waya wa nyuzi laini uvalishwe kofia ya kubana, usiloweshwe risasi ya kuchomelea, maana risasi hulainika taratibu na kiungo kinalegea.

Matundu yote ya boksi yazibwe. Mjusi hupenda joto la boksi la umeme, na akilala kati ya laivu na nyutro hufa yeye na breka yako. Sisimizi nao hujaza viota humo.

Kabla ya kuwasha, mega inarudiwa kwa kila sakiti. Baada ya kuwasha, soketi zote zinapimwa kama laivu na nyutro hazijageuzwa. RCD ipimwe kwa kipima RCD, kionyeshe inakata kwa milisekunde ngapi, na kwamba haikati kwa miliampea 15. Kitufe cha T, kile cha majaribio kilicho kwenye RCD, kinahakikisha tu kwamba mtambo wa ndani unaruka. Hakisemi lolote kuhusu ethi yako. Kitaruka hata kwenye nyumba isiyo na ethi kabisa. Kibonyeze kila baada ya miezi mitatu, lakini siku ya makabidhiano dai namba zilizoandikwa: megaomu za kila sakiti, omu za ethi, milisekunde za RCD.

RCD ikianza kukata wiki ya kwanza

Tarajia hili, kwa sababu boksi la zamani lilikuwa likimeza makosa ambayo jipya halimezi. Usimruhusu mtu aseme RCD ni mbovu kabla ya kufanya haya.

Inakata ukiwasha taa ya ngazi au ya korido tu? Hiyo taa imechukua laivu kwenye sakiti moja na nyutro kwenye nyingine, jambo la kawaida kwenye swichi za pande mbili za zamani. Mkondo unatokea RCD ya kwanza na kurudi kupitia ya pili, zote zinaona tofauti. Suluhisho ni kurudisha nyutro kwenye sakiti yake, au sakiti zote mbili zikae chini ya RCD moja.

Inakata bila mpangilio? Chomoa vifaa vyote kwenye soketi, uwashe, urudishe kimoja kimoja. Friji za zamani zenye hita ya kuyeyusha barafu, pasi na pampu ya kisimani ndivyo vya kushuku kwanza.

Inakata hata ukishusha breka zote zilizo chini yake? Hapo wengi hukata tamaa na kuirudisha dukani. Breka za kawaida hukata laivu peke yake. Nyutro zinabaki zimeungwa. Nyutro moja ikigusa ethi mahali popote, kwa mfano msumari uliopigwa kutundika picha au waya uliobanwa na skru ya soketi, mkondo kidogo wa nyumba nzima hupita hapo na RCD inauona. Zima meni swichi, chomoa nyutro zote za RCD hiyo kutoka kwenye baa yake, na upime kila moja kwa ethi kwa mega. Ile itakayosoma karibu na sifuri ndiyo yenye kosa, na kile kibandiko cha siku ya kazi kitakuambia ni ya chumba gani.